Wiki moja ya kutoka jasho baharini Tanga na Pangani: panga kwa mwezi, si kwa kalenda ya kazini

Anayekwenda pwani ya Tanga kulala kivulini anaweza kufika siku yoyote. Anayekwenda kujituma, yaani kuogelea juu ya matumbawe, kujifunza ngalawa, kupiga makasia kando ya mikoko na kukata njia za mkonge kwa baiskeli, aanze kwa kuutazama mwezi. Siku za bamvua maji ya pwani hii hupanda na kushuka kwa mita tatu na zaidi. Mahali palipokufika kidevuni alfajiri, kufika saa nne asubuhi watoto wanachezea mpira. Na kisiwa kinachoibeba safari hii, Maziwe, hujitokeza na kumezwa kila siku. Ukikodi mashua ya saa tisa alasiri katika siku isiyo yake, utazungushwa juu ya maji matupu na nauli utalipa ile ile.

Tanga tuna msemo wetu, "waja leo, waondoka leo", na kila mtu anajua unavyotaniwa. Mpango huu ni wa mtu anayekuja leo na kuondoka baada ya siku saba. Nusu ya kwanza analala Ushongo, kusini ya Mto Pangani. Usiku mmoja Pangani mjini. Zilizobaki Tanga mjini.

Kwanza msimu, kisha mwezi

Msimu mzuri kuliko yote ni tangambili, kusi, upepo wa kusini, inapochoka na kaskazi, upepo wa kaskazini, bado haijashika, yaani Oktoba hadi mwanzoni mwa Novemba. Bahari hulala na chini ya maji huonekana. Desemba mwishoni hadi Februari pia ni kuzuri: kaskazi inavuma, jua ni kali, lakini mashua zinatoka. Machi ikiisha, masika huingia na njia za udongo za upande wa Ushongo huwa tope. Juni hadi Agosti kusi ina nguvu. Wapo wanaokuja miezi hiyo na kufurahia, ila huyo ajiandae kupoteza siku moja au mbili akisubiri bahari itulie, na asimlazimishe nahodha.

Ukishapata mwezi wa kalenda, tafuta wiki kwa mwezi wa mbinguni. Wavuvi huhesabu kwa mwezi mwandamo. Bamvua huja mara mbili: mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, na maji hufikia ukali wake siku moja au mbili baadaye. Katikati, kuanzia kama mwezi saba na tena kama mwezi ishirini na moja, ni maji mafu: hayajai sana, hayapwi sana.

Pwani hii ina tabia moja ya kushukuru. Siku za bamvua maji hupwa kabisa kati ya saa nne na saa tano asubuhi, na hujaa kabisa karibu na saa kumi, alfajiri na jioni. Kila siku inayofuata saa hizo husogea mbele kwa wastani wa dakika 50. Kwa hiyo ukifika Ushongo mwezi kumi na nne, siku zako za kwanza zina kupwa kwa asubuhi, ambako ndiko unakotaka kwa Maziwe. Siku za mwisho zina kujaa kwa asubuhi, ambako ndiko unakotaka kwa mikoko na kwa kuogelea Raskazone, Tanga mjini. Ukifika mwezi mwandamo mpango ni huo huo, ila usiku utakuwa giza, na nyota za Ushongo ni malipo ya kutosha.

Zipo programu za simu zinazoonyesha kujaa na kupwa. Zitumie, kisha muulize nahodha. Wakitofautiana, mfuate nahodha.

Maandalizi

Mwili hauhitaji kuwa wa mwanariadha. Ukiweza kuogelea mita 200 bila kusimama na kuendesha baiskeli saa mbili, umefuzu. Asiyejua kuogelea asiache kuja. Avae jaketi okozi muda wote na amwambie nahodha ukweli kabla ya kupanda chombo. Wanaojifanya wanajua ndio wanaowapa watu wa mashua presha.

Mzigo uwe mdogo. Viatu vya plastiki vyenye kamba ya nyuma ni lazima, kwa sababu kwenye miamba wapo viumbe wenye miiba mirefu myeusi, na ndala hutoka mguuni kwenye hatua ya tatu. Beba fulana ya mikono mirefu ya kuingilia majini: unapoelea kifudifudi kwa saa nzima, mgongo ndio unaoungua, na hakuna mafuta ya kujikinga na jua yanayodumu kama kitambaa. Chukua miwani ya kuzamia na mrija wako mwenyewe kama unavyo, kofia yenye kamba, taa ya kichwani, mfuko usiopitisha maji, siki kidogo kwa ajili ya konyeza (kiumbe laini wa baharini anayechoma ngozi), dawa ya kichefuchefu au tangawizi, na kikoi au kanga mbili. Malaria ipo: dawa ya mbu na chandarua visikosekane. Kitambulisho cha taifa kiwe nawe, kwa sababu ada za hifadhi za bahari kwa raia ni ndogo kuliko za wageni wa nje, na bila kitambulisho huna cha kuonyesha.

Pesa taslimu itoe Tanga mjini. Pangani huduma za kifedha ni chache, na Ushongo ni pesa za simu au mfukoni.

Siku ya kwanza: kufika

Kutoka Dar es Salaam kwa basi ni kama kilomita 350 kupitia Chalinze, Segera na Muheza. Panda la alfajiri. Ukishuka stendi ya Kange tafuta gari la Pangani, kama kilomita 50 kusini. Pangani mjini unavuka mto kwenda Bweni. Miaka yote ni kwa kivuko. Daraja la barabara ya Bagamoyo hadi Tanga limekuwa likijengwa hapo, basi uliza wenyeji hali ikoje wiki yako. Kutoka Bweni hadi Ushongo ni kama kilomita 16, bodaboda au gari la mahali ulikopanga kulala. Ndege ndogo za Tanga zipo kwa mwenye haraka.

Jioni hiyo usifanye lolote isipokuwa moja: nenda ufukweni ukamtafute nahodha wa kesho. Mwenyeji wako atakuelekeza. Salamu kwanza, na kama ni mzee ni shikamoo kabla ya kutaja mashua. Kisha uliza mambo manne: chombo kimesajiliwa na TASAC, shirika la serikali linalosimamia vyombo vya majini? Majaketi okozi ni mangapi, na ya watoto yapo? Mafuta yamo ndani ya bei? Ada ya hifadhi nani anailipa, na stakabadhi inatolewa? Bei huwa ya chombo, si ya kichwa, kwa hiyo mkiwa sita mnagawana na mkiwa wawili mnaumia. Tafuta wenzako wa kuchangia usiku huo huo mezani.

Siku ya pili: Maziwe

Maziwe iko kilomita chache tu mbele ya Ushongo, karibu saa moja kwa mashua ya injini ndogo. Lilifanywa eneo tengefu mwaka 1975, na wakati huo lilikuwa kisiwa kweli, chenye mivinje, na kasa wakija kutaga kwa wingi uliojulikana pwani nzima ya Afrika Mashariki. Miti ikaisha, bahari ikala ardhi, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 kisiwa kikabaki kuwa fungu la mchanga linalofunikwa maji yakijaa. Kasa hawajaarifiwa. Wanaendelea kuja kutaga pale pale, na watu wa Ushongo huyahamisha mayai hadi ufukwe wa bara kabla bahari haijayafikia. Mayai huanguliwa baada ya kama siku 50 hadi 60. Ukipata bahati ya viota kufunguliwa wiki yako, acha kila kitu ukaangalie. Simama nyuma ya vifaranga, usiwashike, na usiwashe taa ya simu.

Ondokeni saa mbili asubuhi, maji yakiwa bado yanatoka. Hapa ndipo bamvua linapodai chake: mchanga ni mpana na mzuri, lakini mkondo pembeni ya mwamba una nguvu na maji yanakuwa na ukungu kidogo. Dawa yake ni kufuata saa, namna hii:

1. Mkifika, msiruke majini. Mwacheni nahodha atupe nanga upande uliojikinga, mtazame maji yanavyopita ubavuni mwa chombo. Yakienda kasi kama mtu anayetembea, subirini. Tembeeni mchangani, kuleni vitumbua.

2. Saa moja ya mwisho kabla ya kupwa kabisa mkondo huanza kulegea. Ingieni sasa, wawili wawili, mkianzia upande ambao maji yanatoka ili mkichoka yawarudishe kwenye chombo.

3. Eleeni, msisimame. Mguu mmoja juu ya tumbawe huvunja kilichokua kwa miaka mingi. Sehemu kubwa ya miamba ya Tanga iliwahi kupigwa baruti za wavuvi, na ukiogelea utaona vipande vilivyolala kama kifusi cha nyumba. Kilichobaki kizima kichukulie hivyo.

4. Maji yanaposimama mna kama nusu saa ya utulivu. Huo ndio muda wa kupiga mbizi fupi kwa wanaoweza, na wa kumfundisha anayeogopa.

5. Mchanga unapoanza kupungua, kuleni. Pweza au changu wa kuchoma ni wa kuagiza jana yake. Takataka zote zirudi bara, hata ganda la dafu.

6. Nahodha akisema "twende", panda. Usiombe dakika kumi.

Konyeza akikugusa, usisugue na usioshe kwa maji baridi ya kunywa. Mwagia siki, kisha ng'oa nyuzi kwa kibano bila kukwangua. Kwenye mchanga wa maji kidogo buruza miguu badala ya kuinyanyua, ili taa, samaki bapa mwenye mwiba mkiani, aliyejifukia akusikie na kuondoka.

Siku ya tatu: ngalawa

Hii ndiyo siku ninayoipenda kuliko zote, na ndiyo ambayo wageni wengi huiruka kwa kudhani ngalawa ni ya kupigia picha. Amka saa kumi na moja na nusu. Alfajiri huvuma umande, upepo mwepesi wa kutoka bara, na maji bado yapo ya kutosha karibu na ufukwe. Mwanafunzi ana saa mbili na nusu za kujifunza kabla umande haujafa na maji hayajamkimbia.

Mwombe mvuvi mwenye ngalawa yake, na mkubaliane malipo ya asubuhi nzima, kwa sababu unamtoa kwenye kazi. Kisha kubali kuanza chini kabisa. Kazi yako ya kwanza ni kufua maji, na hakuna anayekuonea. Ndivyo kila baharia alivyoanza. Ya pili ni kukaa: ngalawa ina ndubi mbili, mbao za kuelea za pembeni, zilizofungwa kwenye mirengu, miti inayotoka ubavuni, na uzito wa mtu ukihamia upande usiofaa ndubi ya upande huo huzama na chombo hukataa kwenda. Ya tatu ni demani, kamba ya tanga. Usiifunge. Ishike mkononi, kwa sababu upepo ukija ghafla kuilegeza ndiko kunakowaokoa. Ukiielewa demani, utapewa usukani, na hapo utagundua ulikuwa unaelekea pengine kabisa.

Kwenda na upepo ni rahisi mno, na ndiyo maana usiendelee nao sana. Kurudi ni kubisha, kwenda upande na upande, na kila mara tanga hupinduliwa kwa kuhamisha foromali, mti unaobeba tanga, mbele ya mlingoti. Somo la kubisha ndilo litakalokutoa jasho. Viganja vikianza kuchubuka, pumzika.

Saa nne na nusu au tano maji yamekauka. Vaa viatu vyako vya plastiki utembee kwenye mwamba ulio wazi. Utawakuta akina mama wanatafuta pweza kwa vijiti. Wasalimie, uliza kabla ya kupiga picha, na usichokoe mashimo yao. Shimo la pweza linajulikana na mwenyewe, na wewe unapita tu. Mchana lala.

Siku ya nne: baiskeli hadi Pangani, jioni mtoni

Baiskeli kodi kwa mwenyeji wako, na mzigo mkubwa umtangulize na bodaboda. Ondoka saa kumi na mbili na nusu, kabla jua halijawa kali. Njia inapita minazi, mashamba na mkonge. Kikogwe, kabla ya kufika Bweni, ndiko mkonge wa nchi hii ulikoanzia: Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida mwaka 1893, na iliyofika ikiwa hai ilikuwa 62. Kutoka kwenye hiyo 62 ikaja sekta iliyoilisha Tanga kwa miongo. Shuka kidogo, tazama mistari ilivyonyooka hadi macho yachoke, na chunga ncha za majani zisikuchome paja.

Pangani mjini valia vizuri. Nguo ya kuogelea ni ya ufukweni. Wanawake wajifunge kanga, wanaume wavae shati. Mwezi wa Ramadhani usile wala kunywa barabarani mchana, hata kama unatoka jasho la baiskeli. Ingia ndani ukanywe.

Saa kumi jioni kodi boti ya kupanda mto. Siku hii maji yanajaa hadi kama saa kumi na mbili, kwa hiyo mtapanda yakiwasukuma na kurudi yakiwa yametulia, na mikoko imezama hadi kiunoni. Mto una mamba na viboko. Usichezeshe mkono majini wala usiogelee mdomoni mwa mto, hata ukiona watoto wanafanya hivyo.

Siku ya tano: makaburi na barabara

Asubuhi zunguka Pangani kwa miguu: Boma, majumba ya zamani ya mbele ya mto, milango ya kuchongwa. Hapa ndipo Abushiri bin Salim, aliyeongoza vita vya pwani dhidi ya Wajerumani kuanzia 1888, alinyongwa Desemba 1889. Kisha panda gari la Tanga na uombe kushushwa Tongoni, kama kilomita 17 kabla ya mji. Pana msikiti uliobomoka na makaburi ya nguzo zaidi ya 40, ya karne ya 14 na 15. Mabaharia wa Vasco da Gama walikwama kwenye mafungu ya hapa mwaka 1498, na wakati wa kurudi, Januari 1499, waliichoma meli yao moja, São Rafael, kwa kuwa mabaharia waliobaki hawakutosha kuziendesha zote. Ukishaielewa demani, habari hiyo unaisikia kwa namna nyingine.

Siku ya sita: Toten na Yambe

Visiwa hivi viko mbele ya mji, ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Silikanti, iliyoanzishwa 2009 baada ya wavuvi wa huku kuanza kumnasa kwenye majarife silikanti, samaki ambaye wataalamu waliamini ametoweka tangu enzi za dinosau, hadi alipopatikana Afrika Kusini 1938. Hutamwona, anaishi kwenye kina kirefu. Ila ada unayolipa ofisi ya hifadhi, kwa namba ya malipo ya serikali, inamhusu.

Sasa maji yanajaa asubuhi, kama saa mbili au saa tatu. Toka mapema kwa kayaki, au kwa mtumbwi kama kayaki hazipatikani. Toten iko karibu sana, ndani ya ghuba, na ina magofu ya misikiti na makaburi yaliyoshikwa na vichaka, vaa suruali. Mikoko yake izunguke maji yakiwa juu. Yakianza kutoka, toka nayo, la sivyo utasukuma kayaki kwenye tope hadi magotini na nyumbani utawaambia ulikuwa mazoezini. Yambe ni mbali zaidi na iko wazi kwa upepo: huko nenda kwa mashua yenye injini, si kwa makasia.

Siku ya saba

Raskazone saa tatu asubuhi maji yamejaa. Ogelea mara ya mwisho. Mwenye nguvu aendeshe baiskeli hadi mapango ya Amboni, kama kilomita 8 kwenye barabara ya Mombasa: chokaa ya zamani sana, popo, giza, na mahali pa kujipenyeza kwa tumbo. Ingia na mwongoza wageni wa pale pale, na taa yako ya kichwani itafaa hapo.

Mchana pita soko la samaki la Deep Sea, kisha Kange. Tiketi ya basi ikatwe jana yake, hasa Ijumaa na Jumapili. Weka pesa ndogo mfuko wa karibu: msimu ukiwa wake, machungwa ya Muheza huuzwa dirishani, na dereva hasubiri chenji.